Msimtwishe Mtoto Ua la London

Mtoto akizaliwa siku hizi Dar es Salaam au Nairobi, kadi za pongezi hufurika kwenye simu ya mama kabla hajatoka wodini, na nyingi zimechorwa ua. Wa Januari anapewa karnesheni, wa Februari vayoleti, wa Machi dafodili, wa Juni waridi, wa Novemba krisanthimu, wa Desemba nargisi. Chini ya ua hufuata tabia: huyu atakuwa mwaminifu, yule mnyenyekevu, mwingine atajaliwa mali na marafiki. Kisha huja maneno kwamba elimu hii ni ya kale, imerithiwa kwa Warumi, na kila ua limebeba siri ya mwezi wake. Maneno hayo yamehamia kwenye keki za arobaini, kwenye fulana za watoto, hata kwenye tatuu za vijana. Watu wazima, wasomi, wananihakikishia kuwa ni kweli. Mimi nasema si kweli, na sisemi hivyo kwa kuchukia maua. Nayapenda mno hata siwezi kuyaacha yasingiziwe.

Nianze na Warumi, maana ndio mashahidi wanaoitwa kila mara. Ni kweli waliadhimisha siku ya kuzaliwa. Mwandishi wao Censorinus alitunga kitabu kizima kuhusu siku hiyo mwaka 238, na tunajua kwamba familia ziliweka mashada ya maua, ubani na keki kwenye madhabahu ya nyumbani. Ila kuweka shada siku ya kuzaliwa ni jambo moja, na kuugawia kila mwezi ua lake ni jambo jingine kabisa. Itazameni orodha yenyewe. Kosmosi ya Oktoba asili yake ni Mexico, na jina hilo ilipewa na Cavanilles huko Madrid mwaka 1791. Poinsetia, ambayo Wamarekani wengi huipa Desemba, nayo ni ya Mexico. Ilifika Marekani miaka ya 1820 kupitia mwanadiplomasia Joel Poinsett. Krisanthimu ni ya China, na kilimo chake Ulaya kilishika kasi baada ya Pierre Blancard kuiingiza Marseille mwaka 1789. Warumi walikuwa wamekwisha kuzikwa kwa zaidi ya miaka elfu.

Gladioli ya Agosti ndiyo inayoniudhi zaidi. Kadi zinasema wapiganaji wa viwanjani Roma waliivaa shingoni, ndiyo maana humpa mtoto ushujaa. Gladioli ndefu ya bustani inayouzwa leo madukani imetokana na spishi za Afrika zilizochanganywa na wakulima wa Ulaya, na mojawapo ya zile za mwanzo zilizovuma ilitoka Ghent, Ubelgiji, mwaka 1841. Spishi moja iliyoingia katika ukoo huo, Gladiolus dalenii, huota yenyewe kwenye nyasi za nyanda za juu za Tanzania na Kenya. Mchungaji wa Njombe ameikanyaga maisha yake yote. Mrumi hakuwahi kuiona.

Basi hizo sifa zilitoka wapi? Chimbuko lake linajulikana, na lina tarehe. Mwaka 1717 na 1718 Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza, aliishi Istanbul. Katika barua zake, zilizochapishwa mwaka 1763 baada ya kifo chake, alieleza desturi ya watu wa huko kutumiana vitu vyenye ujumbe wa mapenzi. Orodha aliyoiandika ingemchangamsha mtu wa Unguja: imo karafuu, imo mdalasini, imo pilipili, na pia sabuni, makaa, uzi na tunda la pea. Maua ni machache tu. Wazungu wakaishika habari hiyo na kuitangaza kuwa ni lugha ya siri ya maua ya Mashariki. Mwaka 1809 mtaalamu wa Austria, Joseph von Hammer-Purgstall, akaonyesha kwamba ujumbe haukukaa ndani ya kitu chenyewe hata kidogo. Ulikaa kwenye vina. Kwa Kituruki jina la pea lina vina na neno la matumaini, kwa hiyo aliyepelekewa pea alisikia matumaini. Kwa watu waliokulia kwenye mafumbo na mashairi ya kujibizana hili halihitaji maelezo: ulikuwa mchezo wa watu wa lugha moja, na nje ya lugha hiyo umekufa.

Paris haikujali. Mwaka 1819 akatokea mwandishi aliyejiita Charlotte de Latour na kitabu cha lugha ya maua, kikanakiliwa, kikafasiriwa, kikazaa vingine kwa makumi Uingereza na Marekani. Kinachokumbukwa zaidi ni cha Kate Greenaway, mchoraji wa vitabu vya watoto, kilichotoka London mwaka 1884. Vilikuwa vitabu vya zawadi, vizuri kwa macho, vya kuwekwa sebuleni. Beverly Seaton, aliyevichambua katika utafiti wake wa mwaka 1995, hakupata ushahidi wa maana kwamba watu wa enzi hizo waliandikiana kweli kwa maua kama vitabu vilivyodai. Kwa hiyo hata huko kwao, lugha hiyo ilisomwa zaidi kuliko ilivyosemwa.

Na aliyesoma Greenaway anajua kadi zetu zinaficha nini. Humo nargisi ya Desemba ni ubinafsi. Marigoldi ya Oktoba ni majonzi. Krisanthimu ya njano ya Novemba ni penzi lililodharauliwa, na waridi la njano ni wivu na mapenzi yanayopungua. Sijaona kadi hata moja inayomwambia mzazi kwamba binti yake wa Oktoba amebeba majonzi. Watengenezaji wamechukua walichoweza kuuza, wakafuta kilichobaki, kisha wakagonga muhuri wa ukale juu yake. Kama maana hizo zingekuwa za kweli na za kurithiwa, nani aliwapa ruhusa ya kuzibadilisha? Na kama zinabadilika kwa kufuata soko, kwa nini mtoto wangu azibebe kama hatima?

Katika kitabu hichohicho rihani ni chuki. Naomba msomaji wa pwani asimame hapo. Nendeni Unguja au Mombasa jioni, mkamtazame mama anayefunga vikuba. Mbele yake pana sinia. Asumini imechumwa alasiri ikiwa bado matumba, kwa sababu anataka ifunguke usiku, ikiwa mwilini mwa mvaaji. Anachukua majani ya rihani, anaongeza vipande vya mkadi na waridi kidogo, anapanga, anazungusha uzi, anakaza, anakata. Asumini nyingine anazitunga kwa sindano moja moja mpaka ziwe koja. Kikuba kitapachikwa kifuani, chini ya buibui, na harufu yake itatangulia mlangoni kabla ya mwenyewe. Bi harusi hapelekwi kwa mumewe bila manukato hayo, na rihani imo. Hapo hakuna mtu anayeuliza bibi amezaliwa mwezi gani. Wanajua ua hilo linasema nini kwa sababu wanajua nani amelivaa, kwa ajili ya nani, usiku upi. Kitabu cha London kinaweza kuandika chuki mara elfu, Mombasa haitasikia.

Ua moja husema mambo tofauti kwa watu tofauti, na krisanthimu ndiyo shahidi mkubwa. Kadi ya Novemba inasema furaha na urafiki. Mpelekee Mfaransa chungu cha krisanthimu nyumbani kwake uone atakavyokutazama, kwa kuwa kwao hupelekwa makaburini tarehe 1 Novemba. Japani ua hilo ni nembo ya kiti cha mfalme. Na huku kwetu lipo jamaa yake wa karibu, ambalo wataalamu wa mimea waliwahi kuliweka katika ukoo huohuo wa Chrysanthemum: pareto. Molo, Nyandarua, Mufindi na Njombe watu wamelichuma kwa mikono, wamelianika, wameliuza kwa kilo, na sumu yake imeua mbu duniani kote. Mtoto aliyesomeshwa kwa pareto ana mengi zaidi ya kusema kuhusu ua hilo kuliko kadi yoyote ya Novemba.

Watetezi wa orodha wakibanwa kwenye ukale hukimbilia kusema kwamba mwezi na ua vinaunganishwa na asili yenyewe. Hili nalo lina mfano wa kulipima, na mfano huo unatoka Mererani. Sote tunajua vito vya miezi ya kuzaliwa, ndugu pacha wa maua haya. Orodha yake inayotumika leo ilipangwa na chama cha masonara wa Marekani mwaka 1912, ikaongezwa mawe mengine mwaka 1952. Tanzanaiti haikuwemo, wala isingeweza kuwemo. Iligunduliwa mwaka 1967 chini ya Kilimanjaro, na serikali ya Tanzania ilimtambua rasmi Mzee Jumanne Ngoma kuwa mgunduzi wake mwaka 2018. Jina la tanzanaiti lilitoka kwa kampuni ya vito ya Tiffany, New York, ilipoanza kuitangaza mwaka 1968. Mwaka 2002 chama cha wafanyabiashara wa vito wa Marekani kikaamua kuwa ni jiwe la Desemba. Watoto wote wa Desemba waliozaliwa kabla ya hapo walilala bila jiwe hilo wakaamka nalo. Nafurahi kwamba jiwe letu limepata wateja, na wachimbaji wa Mererani wanastahili bei bora zaidi. Lakini asiniambie mtu kwamba Desemba na tanzanaiti vilifungamana tangu enzi na enzi. Tumeona kwa macho yetu orodha ya mwezi inavyotengenezwa: mkutano, kura, tangazo.

Orodha ya maua nayo ina alama za mahali ilipotoka. Ua la Januari kwa Waingereza ni galanthi, ua dogo jeupe linalochomoza kwenye theluji na kumwambia mtu aliyechoka na baridi kwamba dunia haijafa. Huko lina maana kubwa, na siwanyang'anyi. Januari ya Tanga ni jua la kaskazi. Mtoto wa Tanga anaambiwaje kuwa tumaini lake limechomoza kwenye theluji? Dafodili ya Machi ni mwisho wa kipupwe cha Ulaya. Waridi la Juni ni mwanzo wa kiangazi chao, wiki chache ambazo bustani za Uingereza hujaa. Huko Naivasha, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,880 na jirani kabisa na ikweta, waridi hukatwa mwezi wowote wa mwaka. Nendeni kwenye ukumbi wa kupanga maua. Wafanyakazi, wengi wao wanawake, wanashika shina moja baada ya jingine, wanalipima kwa sentimita, 40, 50, 60, 70, wanalitupia jicho tumba, wanafungasha, wanatumbukiza kwenye ndoo za chumba cha baridi. Usiku linaruka kutoka Nairobi kwenda Uholanzi. Waridi lililowekwa kwenye kadi ya Juni linaweza kuwa limekatwa na mama wa Naivasha kwa ajili ya Februari. Mkono wake haumo kwenye kadi.

Vayoleti ya Februari inaniuma kwa namna yake. Kadi nyingi huchora ua lenye manyoya laini kwenye majani, ambalo si vayoleti ya Ulaya hata kidogo. Ni ua la Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wilayani Tanga, alilipeleka Ujerumani kwa baba yake. Mwaka 1893 Hermann Wendland akalipa jina la ukoo huo, Saintpaulia. Likaenea madirishani Ulaya na Marekani, likawa miongoni mwa maua ya vyungu yanayouzwa zaidi duniani. Huku nyumbani, jamaa zake wa porini wanaoshikilia miamba yenye kivuli wanapungua kadiri misitu inavyokatwa. Sasa ua hilo linaturudia likiwa limevalishwa jina la ua jingine, mwezi wa watu wengine na tabia ya unyenyekevu, na sisi tunapiga makofi. Anayetaka kumheshimu mtoto wa Lushoto kwa ua hilo ampeleke msituni akamwonyeshe linapoota, amweleze kwa nini mti ulio juu yake usikatwe.

Najua jibu linalosubiriwa. Ni burudani tu, wanasema, mbona unakaza shingo? Burudani siikatazi. Ninachokataa ni burudani inayojiita urithi na kuusukuma nje urithi uliopo. Jamii zetu hazikusubiri kufundishwa kuunganisha kuzaliwa na majira. Kwa Wabukusu aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Wafula au Nafula, wakati wa mavuno ni Wekesa au Nekesa, kiangazi ni Simiyu au Nasimiyu, na msimu wa njaa ni Wanjala au Nanjala. Msukuma wa mvua ni Mabula. Jina la namna hiyo ni kumbukumbu ya kweli. Ukimwita Nanjala unakumbuka ghala lilikuwa tupu na mama yake alinyonyesha hivyohivyo. Halimpambi mtoto kwa sifa asizonazo, wala halimfichi kwamba mwaka ule ulikuwa mgumu. Pwani tuna akina Rajabu, Shaabani na Ramadhani, majina ya miezi inayofuata mwezi mwandamo, ambayo kila mwaka hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kwenye kalenda ya jua. Ramadhani mmoja kazaliwa kwenye masika, mwingine kwenye kipupwe. Hakuna ua linaloweza kufungwa kwenye mwezi unaotembea hivyo, na hakuna aliyewahi kuona upungufu.

Lipo pia kundi linalosema Waafrika hatukuwa na utamaduni wa maua, basi tuazime. Hoja hii ina baba msomi. Jack Goody, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu utamaduni wa maua, aliuliza kwa nini matumizi ya maua ni haba Afrika, akianzia kwenye aliyoyaona kaskazini mwa Ghana. Alikuwa mtafiti makini, na alikiri kwamba maeneo yaliyofungamana na ulimwengu wa Kiislamu yalikuwa na hali nyingine. Wanaomnukuu nusunusu ndio tatizo. Kikuba kipo. Koja lipo. Wasichana wanaitwa Asumini, Waridi na Maua. Kwenye nembo ya taifa la Tanzania, miguuni pa mwanamume na mwanamke, pana mkarafuu na pamba. Na karafuu ni nini kama si tumba la ua, linalochumwa kabla halijafunguka? Kwenye visiwa vyetu tumba hilo liliwahi kumaanisha utumwa, mashamba ya mabwana na migongo iliyopasuka, na baadaye likamaanisha ada ya shule na bati la nyumba. Huo ndio utamaduni wa maua wenye uzito. Usipoutambua ni kwa sababu umefundishwa kutafuta maua ndani ya chupa tu.

Wengine, kwa nia njema kabisa, wananiambia: tutengeneze orodha yetu, kilua Januari, asumini Februari, mkadi Machi. Nao nawapinga. Tutakuwa tumebadilisha picha na kubaki na kosa lilelile. Wachina na Wajapani wana maua ya miezi yenye haki yake, kwa kuwa yalifuata kinachochanua mbele ya macho yao. Kwenye karata za Kijapani za hanafuda mplamu ni wa mwezi wa pili na mcheri wa mwezi wa tatu. Krisanthimu kwao ni ya mwezi wa tisa, siyo Novemba ya kadi zetu. Sisi tumehesabu mwaka kwa kaskazi na kusi, masika na vuli. Kuyakata majira hayo vipande 12 ili yaenee kwenye kadi ni kuyalazimisha.

Mtu atauliza ua linapataje maana basi. Karnesheni inajibu. Tarehe 10 Mei 1908 Anna Jarvis alipeleka karnesheni nyeupe 500 kanisani Grafton, West Virginia, kwa sababu mama yake marehemu alizipenda. Hapo ndipo Siku ya Mama ya Wamarekani ilipoanza. Wauza maua walipoigeuza biashara, Jarvis aliwapiga vita mpaka akakamatwa mwaka 1925 Philadelphia akipinga uuzaji wa karnesheni, na alikufa mwaka 1948 bila mali. Tarehe 25 Aprili 1974, siku ya mapinduzi ya Ureno, jijini Lisbon, mfanyakazi wa mgahawa Celeste Caeiro alimpa askari aliyemwomba sigara ua la karnesheni, kwa kuwa sigara hakuwa nayo. Askari akalichomeka kwenye mtutu wa bunduki. Mapinduzi yale yakaitwa kwa jina la ua hilo, na yaliwakuta wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, wakiwa bado vitani dhidi ya Ureno. Msumbiji ikawa huru tarehe 25 Juni 1975. Kwenye kadi, karnesheni ni ya Januari na Aprili ni mwezi wa deizi. Mreno akiiona karnesheni nyekundu haikumbuki Januari.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaochapa na kusambaza kadi hizi kwa Kiswahili ni dogo na linawezekana leo. Futeni Warumi. Pale palipoandikwa kwamba ni elimu ya kale, andikeni Paris 1819 na London 1884. Futeni tabia ya mtoto, kwa kuwa hamjamwona. Na mkichora ua lile lenye majani ya manyoya, andikeni chini yake Usambara.